Mmeacha Kulea, Sasa Mnadai Vitambulisho

Karipio lisilotaja kosa ni kelele, kwa hiyo nalitaja kosa mapema. Sisi watu wazima wa zama hizi tumewapa watoto simu ili watuache tupumzike. Simu ilipowaonyesha yasiyofaa, tukapaza sauti serikali iingilie kati. Serikali zilipojibu kwamba kila mwenye simu athibitishe umri wake kwa kitambulisho au kwa picha ya uso, tukaitikia bila kuuliza picha hiyo itakaa wapi, itakaa muda gani na nani ataitazama. Tumeikwepa kazi ya kulea, na ili tuendelee kuikwepa tuko tayari kutoa faragha ya nyumba nzima, yetu na ya watoto haohao tunaosema tunawalinda. Hilo ni kosa, na halihalalishwi na wingi wa wanaolitenda.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya ng'ambo. Kweli huko ndiko yalikoshika kasi. Uingereza ilipitisha Sheria ya Usalama Mtandaoni mwaka 2023, na tangu tarehe 25 Julai 2025 tovuti zenye picha za ngono na maudhui mengine yanayodhuru watoto zinatakiwa kuhakikisha kwamba anayeingia ni mtu mzima. Anayetaka kuingia hupigwa picha ya uso mashine ikakisia umri wake, au hutoa picha ya pasipoti, au kadi ya benki. Australia imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 10 Desemba 2025 mitandao mikubwa ya kijamii hairuhusiwi kumpa akaunti mtoto aliye chini ya miaka 16, na kampuni inayokaidi inaweza kutozwa faini ya hadi dola milioni 49.5 za nchi hiyo. Marekani wapo wanaotaka ukaguzi utoke kwenye tovuti uingie ndani ya kifaa chenyewe. Mwaka 2025 majimbo ya Utah na Texas yalitunga sheria za kuyataka maduka ya programu yajue umri wa kila mwenye akaunti, ingawa ile ya Texas ilizuiwa na jaji mwezi wa Desemba, siku chache kabla ya kuanza kutumika. California nayo imeamua kwamba kuanzia Januari 2027, mtu anapofungua akaunti kwenye simu au kompyuta, kifaa kimuulize umri, kisha kiziarifu programu yeye ni wa rika gani.

Simu zinazouzwa Luthuli jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam ni hizohizo, na maduka ya programu tunayopakulia ni hayohayo. Kinachopachikwa leo kwenye mfumo wa simu huko kitatufikia kesho, tena bila bunge letu kujadili hata aya moja. Hata hapa kwetu kazi imekwisha kuanza. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kinamtaka anayekusanya taarifa za mtoto awe na namna ya kuthibitisha umri na kupata ridhaa ya mzazi. Aprili 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa miongozo ya kuwalinda watoto mtandaoni, na ndani yake watoa huduma wametakiwa kuweka njia za kuthibitisha umri. Tanzania, tangu Mei 2019, laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Asiseme mtu kwamba jambo hili halimhusu.

Wala sikatai kwamba watoto wanaumizwa. Mtoto wa darasa la nne anafunguliwa picha za ngono na mwenzake kwenye basi la shule. Kijana anabeti ada aliyotumiwa na mjomba wake, anapoteza yote kwa usiku mmoja. Binti anaandikiana na mtu anayejiita wa rika lake, kumbe ni mzee wa umri wa baba yake. Anayeyaona haya asihuzunike hana moyo. Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa: uovu wa kweli umefanywa kisingizio cha kukusanya sura za watu wote, na waliokipa kisingizio hicho nguvu ni sisi.

Tazameni mtoto anavyopata akaunti. Simu imenunuliwa, mzazi ameketi kwenye kochi, mtoto wa miaka tisa yuko ubavuni mwake. Kioo kinauliza tarehe ya kuzaliwa. Mzazi anajua kwamba akiandika mwaka wa kweli, akaunti itakataliwa au itawekewa mipaka, kwa sababu tangu 1998 Marekani ina sheria inayoyabana makampuni yanayokusanya taarifa za watoto walio chini ya miaka 13. Basi anaweka kidole juu ya mwaka na kuuteremsha: 2016, 2010, 2004, 1998. Hapo anasimama, anabonyeza "endelea", anamkabidhi mtoto simu. Mtoto ameyaona yote. Somo lake la kwanza kuhusu mtandao amelipata kwa mzazi wake mwenyewe, nalo ni kwamba ukiulizwa umri, unadanganya. Baada ya miaka miwili mzazi huyohuyo yuko kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa, anaandika kwa herufi kubwa kwamba serikali imelala na watoto wanaangamia.

Enyi wazazi, aliyelala ni nani? Simu ilikuuliza, ukaijibu uongo. Mipangilio ya kumlinda mtoto imo ndani ya simu hiyohiyo, hailipiwi hata senti, na hukuifungua hata mara moja. Ulikuwa na uwezo wa kusema "simu hailali chumbani kwako," ukaogopa kilio cha mtoto. Sasa unataka mtu baki wa Nairobi, wa Dodoma au wa California aseme hapana uliyoshindwa kuisema wewe, na kwa huduma hiyo unakubali jirani yako, mama yako mzee na mwalimu wa mtoto wako wote wapigwe picha za uso.

Na baada ya kupigwa picha, mtoto atakuwa salama? Angalieni nyumba zetu zilivyo. Simu moja ina watumiaji wanne. Asubuhi ni ya baba na kazi zake, jioni ni ya watoto kwa katuni na mazoezi ya shule, usiku ni ya mama na dada zake. Nywila inajulikana na kila mtu hadi wa chekechea. Simu hiyo ikishathibitishwa kwamba mwenyewe ana miaka 41, imethibitishwa kwa kila mkono utakaoishika. Mtoto atapita kila mahali kwa umri wa baba yake, na mfumo utasajili kwamba aliyepita ni mtu mzima. Huko Uingereza, ukaguzi ulipoanza Julai 2025, programu za VPN, zinazoficha mahali mtumiaji alipo, zilipanda ghafla kileleni mwa orodha ya zinazopakuliwa zaidi, na watu wakagundua kwamba hata uso wa mhusika wa mchezo wa video uliweza kuihadaa mashine. Mtoto mjanja alipita. Aliyeacha uso wake ni mtu mzima mtiifu.

Mashine hiyo nayo haiwapimi watu sawasawa. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizipima programu za makampuni makubwa zinazotambua jinsia ya mtu kwa uso. Kwa wanaume weupe makosa hayakufika asilimia 1. Kwa wanawake weusi yalifika hadi asilimia 34.7. Mwaka 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ikapima programu sita zinazokisia umri, ikakuta kwamba makosa kwa nyuso za wanawake karibu daima ni makubwa kuliko kwa wanaume, na kwamba matokeo hubadilika kufuatana na ubora wa picha na mahali mtu alipozaliwa. Sasa mfikirieni mwanamke wa miaka 24, mweusi, mwembamba, mwenye simu ya bei nafuu na kamera hafifu, taa ya chumbani ikiwa moja. Mashine inaweza kumwita mtoto. Akipinga, ataambiwa: lete kitambulisho. Kwa hiyo wale wanaokosewa zaidi na mashine ndio watakaolazimika kutoa zaidi.

Na vitambulisho vikishatolewa, huenda wapi? Oktoba 2025 kampuni ya Discord, ambayo vijana wengi duniani huitumia kuzungumza wakicheza michezo, ilitangaza kwamba wahalifu waliingia katika mfumo wa kampuni nyingine iliyokuwa ikiwahudumia wateja wake. Picha za vitambulisho vya watu wapatao 70,000 huenda zilifikiwa. Watu hao walizituma kwa sababu ya suala la umri: waliambiwa wathibitishe, wakathibitisha. Julai mwaka huohuo programu ya Tea ya Marekani, iliyoanzishwa kwa madai ya kuwalinda wanawake, ilivujisha picha zipatazo 72,000. Kati ya hizo, 13,000 zilikuwa za sura na vitambulisho ambazo wanawake hao walitakiwa kupiga ili waaminiwe. Zilimwagwa kwenye jukwaa la mtandaoni, wakadhihakiwa hadharani. Waliahidiwa usalama, wakapata fedheha.

Nywila ikiibwa, utaweka nyingine kabla ya chai kupoa. Uso ukiibwa utaweka upi? Mtoto anayepigwa picha leo ana miaka 12, na Mungu akimjalia uzee ataishi na uso huo miaka 60 mingine, katika dunia ambayo mashine za kutambua nyuso zinazidi kuwa nyingi kila mwaka. Maji yakimwagika hayazoleki. Anayesema atayazoa, na mkononi ana mkataba wa kurasa arobaini ambao hujausoma, anakudanganya.

Lakini sishangai kwamba tumelipokea jambo hili kimya, kwa maana tumejizoeza kutoa kabla ya kuombwa. Ingieni katika jengo lolote la ofisi mjini. Mlinzi anasukuma daftari la wageni lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unakokwenda, saa ya kuingia, sahihi. Unapoandika mstari wako unaisoma mistari ishirini ya waliokutangulia, na atakayekufuata atausoma wako. Mahali pengine kitambulisho chenyewe kinabaki mezani, kimetupwa ndani ya sanduku na vya wengine, hadi utoke. Daftari likijaa linakwenda wapi? Hujauliza. Hata mimi sijawahi kumsikia mtu akiuliza. Tunaandika, tunasaini, tunapanda lifti. Kwa wakala wa kutuma pesa ni vivyo hivyo, na kwenye duka la fotokopi nakala zilizoharibika za vitambulisho zimerundikwa chini ya meza, zinangoja kufungiwa karanga.

Mnadhani hakuna aliyevuna katika uzembe huo? Juni 2021, Msajili wa Vyama vya Siasa wa Kenya alipowawezesha wananchi kuangalia uanachama wao mtandaoni, watu wengi walijikuta wameandikishwa katika vyama ambavyo hawakuvijua. Malalamiko yakamiminika kwa Kamishna wa Data. Mtu hawezi kukuandikisha chamani bila namba yako ya kitambulisho. Aliipata mahali, na mahali hapo wewe ndiye uliyeiacha. Agosti 2023 maelfu ya watu walipanga foleni katika jumba la KICC jijini Nairobi, mboni za macho yao zikapigwa picha na mradi wa Worldcoin, kila mmoja akaahidiwa sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya karibu shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha zoezi, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Mahakama ilifanya kazi yake. Lakini tuliopanga foleni ni sisi, na tulisukumana.

Najua njaa ilikuwa kwenye foleni ile, na simkaripii mwenye njaa. Namkaripia mtu aliyeshiba, mwenye shahada na mshahara, anayesema: "Mimi sina cha kuficha." Neno hilo ni la kiburi, na limekaa midomoni mwa watu kwa sababu halijawagharimu bado. Wewe huna cha kuficha leo, chini ya serikali hii, katika kazi hii, na mwili huu wenye afya. Binti aliyenajisiwa na ndugu wa baba yake anacho cha kuficha: usiku, kwa simu ya kuazima, anatafuta mahali pa kupata msaada. Mdai kitambulisho kwanza, ataizima simu. Kijana anayeogopa kwamba ameambukizwa virusi anacho cha kuficha. Karani aliyeona zabuni ya kaunti ikiibwa, anayetaka kusema bila kufukuzwa, anacho cha kuficha. Kuficha kwao ni kinga yao, na wewe ukisalimisha faragha yako kwa uvivu, unaufanya usiri wao uonekane kuwa ni hatia.

Juni 2025 mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kuhusiana na chapisho la mtandaoni lililomtaja mkubwa mmoja wa polisi. Kesho yake alikuwa maiti, baada ya kulazwa mahabusu katika kituo cha Central jijini Nairobi. Polisi walieleza kwamba alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha yasiyolingana na maelezo hayo. Anayetaka kila neno linaloandikwa mtandaoni lifungwe kwenye kitambulisho cha mwandishi wake, na aliseme jina hilo kwanza, ndipo aendelee na hoja yake. Tanzania nayo, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye migahawa ya intaneti kufunga kamera. Katika nchi zetu, mtu kujulikana na mtu kupatikana ni hatua moja.

Tena taarifa haibaki katika kazi iliyokusanyiwa. Waulizeni watu wa Garissa na Wajir. Wakati wa ukame, familia za Wakenya Wasomali ziliwaandikisha watoto wao kama wakimbizi katika kambi za Dadaab ili wapate chakula na matibabu. Alama za vidole zikachukuliwa. Watoto walipofika miaka 18 wakaenda kuomba kitambulisho cha Kenya, mashine ikasema ni wakimbizi. Maelfu wakakaa miaka mingi bila kitambulisho katika nchi waliyozaliwa: hakuna kazi rasmi, hakuna laini ya simu kwa jina lao, hakuna kura. Mzazi alitoa kidole cha mtoto kwa sahani ya chakula, mtoto akalipa kwa uraia wake. Leo nani anaapa kwamba sura inayotolewa kwa ajili ya umri haitaulizwa na bima, na mkopeshaji, na polisi?

Basi nawageukia ninyi watunga sheria. Mnapenda kusimama bungeni mkisema "kwa ajili ya watoto wetu," kwa kuwa mnajua hakuna atakayethubutu kupinga. Komeni kuwatumia watoto hivyo. Kuthibitisha umri na kujulikana jina ni mambo mawili, na mkishindwa kuyatenganisha ni kwa sababu hamkutaka. Julai 2025 Tume ya Ulaya ilitoa mfano wa programu ambayo mtu huitumia kuthibitisha kwamba amevuka miaka 18 bila tovuti kupata jina lake wala tarehe yake ya kuzaliwa. Denmark, Ufaransa, Ugiriki, Italia na Hispania zikaanza kuijaribu. Haina ukamilifu, kwa maana kitambulisho bado hutolewa mahali fulani mwanzoni, na asiye nacho hubaki nje. Lakini inaonyesha kwamba jibu la "ndiyo" au "hapana" linatosha. Mkileta muswada unaodai zaidi ya jibu hilo, sisi tutajua mnatafuta kitu kingine. Na mnaojenga mlango huu, kumbukeni wasio na karatasi: mzee aliyeandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari kwa sababu hakuna aliyejua siku, mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, mkimbizi. Mtawafungia nje ya shule, ya habari na ya soko, halafu mtasema ni usalama.

Ninyi wenye makampuni, maovu mnayotaka sasa kuyazuia kwa sura zetu mliyalea wenyewe. Mlitengeneza video zisizokwisha ili mtoto asilale. Mliruhusu mtu mzima asiyejulikana amwandikie ujumbe mtoto wa miaka 11, mkakiita kipengele hicho mafanikio. Mashine zenu zinajua mtumiaji anapenda viatu gani na anakwenda sokoni siku gani, lakini ikifika kujua kwamba ni mtoto, ghafla hamjui kitu mpaka mletewe pasipoti. Zimeni vinavyonasa watoto, kwa kila mtu, na haja ya kuuliza umri itapungua. Mnaona ni rahisi kukusanya kuliko kutengeneza, kwa sababu kukusanya kunawapa mali.

Nawarudia ninyi wazazi, kwa sababu karipio kubwa ni lenu. Kampuni zinataka kujua umri wa mtoto, na ninyi wenyewe mmeshautangaza. Siku ya kuzaliwa mnaweka picha: keki yenye namba 7 juu yake, mtoto amevaa sare yenye nembo ya shule, jina lake lote limeandikwa chini, na mahali sherehe ilipofanyika. Septemba 2023 Kamishna wa Data wa Kenya aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Shule iliadhibiwa kwa jambo ambalo mzazi hulifanya kila wiki, kwa mikono yake, kwa furaha. Mtoto huyo hakuulizwa. Akikua atakuta maisha yake yamekwisha kusimuliwa kwa watu asiowajua, na msimulizi ni mama yake.

Acheni hilo leo. Kaeni na mtoto mnapofungua akaunti, muandike mwaka wa kweli, na kama akaunti inakataliwa basi wakati wake haujafika. Wekeni simu sebuleni usiku, na yenu iwemo, kwa sababu mtoto haamini amri ambayo mwenye kuitoa haishiki. Mwambieni mapema kuhusu mwili, kuhusu ngono, kuhusu matapeli, kwa maneno ya wazi. Haya mnayoiona ninyi kuyasema mambo hayo, simu haina. Zamani shangazi na bibi walisema. Kama hawapo karibu, mseme ninyi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba kampuni ikulelee.

Na sote, wazazi na wasio wazazi, tujifunze kuuliza kabla ya kutoa. Unayeniomba kitambulisho, unakihitaji kwa nini? Nakala itakaa wapi? Itafutwa lini? Ukininyima huduma kwa kuuliza hivyo, niandikie sababu. Sheria iko upande wetu. Katiba ya Kenya katika ibara ya 31 na Katiba ya Tanzania katika ibara ya 16 zinalinda faragha ya mtu. Sheria ya Kenya ya 2019 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumikaje, kuziona, kupinga zisitumike na kutaka zifutwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya kusikiliza malalamiko. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Kenya iliitangaza hatua ya kutoa kadi za utambulisho za Huduma kuwa batili, kwa sababu serikali ilizitoa bila kwanza kupima madhara yake kwa faragha ya watu kama sheria inavyotaka. Hilo halikuja lenyewe. Lilikuja kwa sababu kuna watu waliokwenda mahakamani wakati wengine tulikuwa tumepanga foleni. Haki isiyodaiwa huliwa na wenye nguvu, kisha mwenyewe huambiwa hakuwahi kuwa nayo.

Kizazi kinachokuja kitatuhukumu kwa mambo mawili: tuliwalea vipi, na tuliwaachia uhuru kiasi gani. Kama leo tutawapa watoto simu bila malezi, kisha tukawauza kwa sura zao ili tujisafishe, tutakuwa tumewakosea mara mbili, na hapatakuwa na sheria ya kufuta hilo. Mzazi, ichukue simu ya mwanao leo jioni, ukae naye, muifungue pamoja, urekebishe ule mwaka uliodanganya. Na kabla hujampa mtu yeyote uso wa mwanao, muulize sababu, na jibu lisipokuridhisha, mnyime.